Ukienda Watamu usiishie mchangani: Gede, Mida, Sokoke na Nyari kwa kufuata maji

Mwana wa Mida (mleta uzi)

Habari za jioni, wakuu.

Kila ikikaribia Desemba maswali humu huwa yaleyale: Watamu tulale wapi, ufukwe upi una mchanga mweupe zaidi, mashua ni bei gani. Ni maswali mazuri na wenyeji tumeyajibu. Leo naomba niandike kwa kirefu, maana inaniuma kuona familia imetoka Nairobi, Kampala au Arusha, imekaa Watamu, pwani ya Kenya kusini ya Malindi, wiki nzima, imeondoka na picha za bahari peke yake. Kilomita nne hivi kutoka kwenye maji upo mji wa kale wa Waswahili, Gede, ambao Julai 2024 UNESCO iliutia kwenye orodha ya urithi wa dunia. Watu wanapita njiapanda yake ndani ya matatu bila hata kugeuza shingo.

Ninachosema ni hiki: ufukwe wa Watamu, magofu ya Gede, hori la Mida (mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, wenye mikoko) na msitu wa Arabuko-Sokoke havitenganishiki. Waliojenga Gede walijenga kwa mawe ya matumbawe, chokaa wakaichoma kutoka matumbawe hayohayo, boriti za dari wakazikata kwenye mikoko, kitoweo wakavua mwambani. Ukiona bahari ukaacha mji, umeona nusu. Na ukiona mji bila kufika horini, hutaelewa kwa nini vyumba vyake ni vyembamba vile.

Tuanze na maji, kwa sababu Watamu maji ndiyo ratiba. Mgeni anafika ufukweni saa nne asubuhi, anakuta bahari imekwenda mbali, miamba mitupu na vidimbwi, anadhani amedanganywa na picha za mtandaoni. Hakudanganywa, amekuta bamvua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa sana kwenye saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa sana kwenye saa kumi na saa kumi na moja jioni. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Baada ya wiki moja unafika kwenye maji mafu: bahari haipandi sana wala haishuki sana, na saa nne ile asubuhi unaikuta imejaa. Kwa hiyo kabla ya kulipia chumba, tazama mwezi. Siku za bamvua, asubuhi unatembea kwa miguu hadi kwenye vile visiwa vya mawe vilivyoliwa na mawimbi chini vikabaki kama uyoga, na kuogelea unakuweka jioni. Siku za maji mafu unaogelea asubuhi, halafu jioni unakwenda zako Gede.

Majira nayo yanahesabika. Kaskazi ikitulia, hasa Februari na Machi, maji yanakuwa maangavu kabisa. Kusi ikiingia Aprili inakuja na mvua za masika, mwani unatupwa ufukweni, na baadhi ya hoteli hufunga Mei na Juni. Kuanzia Julai hadi Septemba nje ya mwamba hupita nyangumi wenye nundu waliopanda kutoka bahari baridi za kusini kuja kuzaa huku kwenye joto. Wengine mtauliza kwa nini nasema Watamu wakati Malindi ipo jirani. Malindi naipenda, ila mto Sabaki unamwaga udongo mwekundu baharini kaskazini tu ya mji, na upepo wa kaskazi unausukuma kusini hadi maji ya ghuba yanakuwa ya rangi ya chai. Watamu iko mbali kidogo, udongo mwingi hauifikii. Maji haya yamehifadhiwa tangu 1968, hifadhi ya bahari ya Watamu na ile ya Malindi zilipotangazwa pamoja, za kwanza nchini Kenya.

Sasa Gede yenyewe. Ukiweza, nenda asubuhi na mapema, kabla ya jua kupanda. Unaingia chini ya miti mikubwa, mibuyu na mikuyu, mizizi imekumbatia kuta. Mji wote ni kama ekari 45, umezungukwa na kuta mbili, ya nje na ya ndani. Ndani ya ukuta wa ndani ndimo ulimo msikiti mkuu wa Ijumaa, jumba la mtawala, makaburi yenye nguzo na nyumba za mawe za wenye uwezo. Wengine wote walikaa kwenye nyumba za udongo na miti kati ya kuta hizo mbili, nazo zilioza zamani. Ukisimama mahali panapoonekana kama msitu mtupu, kumbuka hapo palikuwa na majiko, watoto na mbuzi.

Mji ulianza karne ya 12 hivi, ukashamiri karne ya 15, ukaachwa mwanzoni mwa karne ya 17. Kaburi moja limeandikwa mwaka wa Hijra 802, yaani 1399, na ndilo linalowasaidia wataalamu kupanga umri wa mengine. John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, alifika hapa 1884. Uchimbaji mkubwa ulifanywa na James Kirkman kati ya 1948 na 1958, na nyumba nyingi zikapewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe. Mimi kwenye nyumba hizi ndiko hukaa muda mrefu kuliko jumbani. Nenda na mtembezaji akuonyeshe ua uliochimbwa chini kidogo ya usawa wa ardhi, baraza ambapo mgeni alipokelewa, chumba cha nyuma cha kuhifadhi mali, na choo chenye mahali pa kutawadhia. Watu hawa walijua usafi karne ambazo miji mingi mikubwa ya Ulaya ilikuwa ikimwaga uchafu njiani.

Kisha pima chumba kwa hatua zako. Ni kirefu, lakini chembamba. Dari ilikaa juu ya boriti za mkoko, na boriti haiwezi kubeba dari ya mawe na chokaa ikiwa ndefu mno. Mti wa horini ndio uliomwamulia tajiri wa Gede upana wa chumba chake cha kulala. Kwa hiyo mchana huohuo shuka Mida ukautazame mti wenyewe. Naishia hapa kwanza, nitaendelea na Mida na msitu.

Safari za Kahama

Mkuu, naweka kambi hapa. Nimefika Watamu na sikuambiwa habari ya bamvua na mtu yeyote. Hoteli niliyolala walikuwa wanasema tu "maji yatarudi".

Swali: kwa sisi wa Tanzania njia nzuri ni ipi?

Binti Mkinga

@Safari za Kahama, kutoka Dar unapanda basi la Mombasa kupitia Tanga, unavuka Horohoro kuingia Lunga Lunga. Hakikisha una pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, maana wenzetu wa Uganda na Rwanda wanavuka kwa kitambulisho lakini sisi utaratibu huo haujatufikia. Mombasa unavuka kivuko cha Likoni, au gari lako likipita barabara ya Dongo Kundu unakikwepa kivuko. Kisha matatu za Malindi, unashuka njiapanda ya Gede. Kutoka hapo tuktuk au bodaboda hadi Watamu.

Wanaotoka Nairobi wana treni ya SGR hadi Miritini, au ndege hadi Malindi.

Mleta uzi, mimi ni Msegeju, wa Mkinga huko Tanga. Bibi alikuwa akisema wazee wetu walitoka huko Malindi. Gede ina uhusiano wowote na sisi?

Mwana wa Mida

@Binti Mkinga, dada yangu, ina uhusiano mkubwa, na umenigusa pale nilipotaka kufika. Mwaka 1589 Wazimba, wapiganaji kutoka upande wa Zambezi, walipanda pwani hii wakivunja miji, Kilwa ikaumia, Mombasa ikaumia. Walipofika Malindi, Wasegeju ndio waliosimama na watu wa Malindi wakawavunja nguvu. Baadaye Wasegeju haohao wakaingia Mombasa, na mtawala wa Malindi akahamia huko 1593 pamoja na Wareno, mwaka ambao ujenzi wa Fort Jesus ulianza. Malindi ikabaki bila kichwa. Gede ilikuwa jirani yake, na ndani ya miaka michache nayo ikaanza kuhamwa. Wazee wenu wa Mkinga walikuwa katikati ya historia hiyo.

Jicho Kavu

Nimefika Gede. Ni mawe. Halafu mji wenyewe walijenga Waarabu, sisi tunashangilia nini? Mimi bora nibaki kwenye maji na dafu langu.

Mwana wa Mida

@Jicho Kavu, ndugu yangu, dafu kunywa, hakuna anayekukataza. Ila hilo la Waarabu kujenga lisikae hapa bila jibu, maana vijana wanasoma.

Zamani waandishi wengi waliichukulia miji hii kuwa koloni za wageni. Uchimbaji wa miongo ya karibuni umeonyesha kingine: ilikua kutoka vijiji vya wakulima na wavuvi wa hapahapa, wakaingia biashara ya Bahari ya Hindi, wakasilimu, wakaanza kujenga kwa mawe walipopata uwezo. Wageni walikuja na wakaoa. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2023, uliofanywa kwa mifupa ya makaburi ya zamani ya Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara, ulikuta kwamba watu wengi kati ya hao walikuwa Waafrika kwa nusu au zaidi, hasa kwa upande wa mama, na upande wa baba kukawa na damu nyingi ya Uajemi, mchanganyiko ulioanza karibu na mwaka 1000. Kwa hiyo mama mwenye nyumba, lugha ya nyumbani, chakula na ardhi vilikuwa vya hapa.

Na haya "mawe" ukiyasogelea yanasema. Kwenye magofu ziliokotwa bakuli za kaure kutoka China, shanga, fedha za kigeni. Malindi, kilomita 15 hivi kutoka Gede, ilipeleka twiga kwa mfalme wa China mwaka 1415, miaka 83 kabla ya Vasco da Gama kutia nanga hapo 1498. Rudi tena Gede, safari hii na mtembezaji, usizunguke peke yako.

Mjukuu wa Kilwa

Mleta uzi nakuunga mkono kwa asilimia zote. Sisi tumekaa na Husuni Kubwa, magofu ya jumba la sultani wa Kilwa, miaka yote. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia urithi wa dunia 1981, na mwaka 2004 zikawekwa kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini kwa sababu ya mawimbi na kuta kubomoka. Zilitolewa humo 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Watu wa Kilifi waitunze Gede mapema, wasingoje ifike huko.

Swali langu: kwa nini mji mkubwa hivyo uwe kilomita nne kutoka baharini? Kilwa maji yako mlangoni.

Mwana wa Mida

@Mjukuu wa Kilwa, hili swali limewasumbua wataalamu kuliko lingine lolote. Wareno walikaa Malindi karibu karne nzima na kwenye maandishi yao Gede haitajwi waziwazi kwa jina hilo. Mtu akisimama ufukweni haioni. Mimi mwenyewe naamini ardhi na maji ya visima ndivyo vilivyowavuta: hapo udongo ni mzuri, na kutoka Gede hadi hori la Mida si mbali, jahazi ndogo na mitumbwi ziliweza kutumia hori hilo.

Kuachwa kwake pia hakuna sababu moja. Kuna kupungua kwa maji ya visima, kuna Wazimba niliowataja, kuna Malindi kupoteza mtawala wake, kuna Waoromo walioshuka kutoka kaskazini wakasukuma watu. Ukisimama kwenye kisima kirefu karibu na msikiti mkuu ukatazama chini, hiyo ya maji unaielewa bila kuelezwa.

Mama wa Kisauni

Asante mwanangu kwa uzi mzuri. Mimi nauliza mambo ya nyumbani. Nina mama mzee na wajukuu wadogo. Gede wataweza? Halafu ufukweni tulienda mwaka jana, askari wa hoteli moja akatuambia tusipite, eti ni kwa wageni wao.

Mwana wa Mida

Shikamoo mama. Gede njia zake ni tambarare, mtu mzima anatembea polepole, ila mizizi na mawe vipo, avae viatu vilivyofunga. Kivuli ni kingi. Watoto watafurahia kima waliojaa humo, lakini msiwape chakula na mikoba ishikwe vizuri, kima wamezoea kunyakua. Pembeni ya magofu upo mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993. Wakulima wanaopakana na msitu hufuga vipepeo, na vifukofuko vyake huuzwa kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo Uingereza na kwingine. Wajukuu wataona kipepeo akitoka kwenye kifuko chake. Nunua na asali hapo.

La ufukweni, mama, ufukwe wa bahari Kenya ni wa umma. Hoteli ina haki ya kuzuia mtu kupita kwenye uwanja wake, haina haki ya kumzuia kutembea mchangani. Tumieni njia za umma zinazotoka kijijini. Na mkitoka majini kuelekea kijijini mjifunike, Watamu kijiji kina misikiti na wazee, wenyeji watawapokea kwa heshima ileile mnayowapa.

Nahodha Mstaafu

Nimesoma yote. Mimi nimepeleka watu mwambani muda mrefu, niongeze ya baharini.

Msisimame juu ya matumbawe. Kinachoonekana kama jiwe kina uhai, na mguu mmoja unavunja kilichokua kwa miaka mingi. Mwaka 1998 bahari ilipata joto la ajabu, matumbawe ya pwani yote yakapauka, mengi yakafa. Yaliyorudi yamerudi kwa taabu, na joto bado linakuja. Kiti cha pweza msimtoe majini kwa ajili ya picha. Kombe na kauri za ufukweni msinunue, zikiisha kaa-duara anakosa nyumba na bahari inakosa mtu wa kuisafisha.

Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku ndani ya hifadhi zote za Kenya, na ufukwe wa hifadhi umo. Njoo na chupa yako ya maji ya kujaza tena.

Kwenye mlango wa Mida kuna mapango ya chewa wakubwa. Msiingie huko bila mwenyeji. Maji ya hori yakitoka yanavuta kwa nguvu, nimeona waogeleaji hodari wakichukuliwa. Na bei ya mashua mpatane ufukweni kabla hamjapanda, pamoja na ada ya hifadhi, mjue nani anailipa. Nahodha wa kweli ana kitambulisho cha chama na maboya ya kuvaa. Asiyekuwa nayo mwachieni.

Safari za Kahama

Shikamoo nahodha. Kasa wanaonekana?

Nahodha Mstaafu

Marahaba. Wanaonekana. Watamu kasa wanapanda kutaga usiku, wengi ni kasa wa kijani, mara nyingine na wengine. Mayai hukaa mchangani kama siku 60. Kuna shirika la hapo Watamu, Local Ocean Conservation, linalinda viota na lina kituo cha kutibu kasa waliojeruhiwa. Mvuvi akinasa kasa kwenye wavu anawapigia, wanakuja kumchukua, na mvuvi anafidiwa kwa muda na nyavu zake. Zamani kasa akinaswa alikuwa nyama. Kituo kinapokea wageni, nendeni. Usiku ukimwona kasa anapanda, zima tochi na simu, kaa mbali, akiona mwanga anageuka anarudi bila kutaga.

Mwana wa Mida

Ahsante sana nahodha, nilikuwa nakuomba kimoyomoyo ufike.

Naendelea na Mida. Shuka hapo maji yakianza kujaa, saa za alasiri kwenye siku za bamvua. Kuna daraja la kamba na mbao linalopita katikati ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia ndege. Kiingilio chake kinaingia kwenye mfuko wa karo za watoto wa shule zinazopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, wazazi wao wakiacha kukata miti. Ni pesa ambayo ukiitoa unaona inakokwenda. Muulize mtembezaji akutofautishie mkoko, mchu, mkandaa na mlilana. Mkoko ndio wenye mizizi iliyosimama juu ya maji kama miguu mingi, na nguzo zake ndizo zile boriti za Gede. Usafirishaji wa boriti kutoka pwani hii kwenda Uarabuni na Uajemi, nchi zisizo na mbao, ulidumu karne nyingi.

Mwambao Muscat

Assalaam alaykum jamaani. Nasoma nikiwa Oman. Hilo la boriti ni kweli, nyumba za kale huku dari zake ni miti ya kwenu, nimeziona kwa macho yangu. Na kuna kiumbe mwingine tunayegawana: yule ndege mweupe na mweusi, mdomo mzito, anayekula kaa. Anazaa kwenye fukwe za huku na Ghuba wakati wa joto kali, anachimba shimo mchangani na kutaga humo. Baadaye anashuka kwenu Mida. Nikija likizo kumwona Mida namwamkia kama jirani.

Mwana wa Mida

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Kweli kabisa, Mida ni mojawapo ya mahali pazuri sana pa kumwona, kundi zima likisimama kwenye tope maji yakipanda.

Msitu nitausema kwa ufupi kwa sababu msitu unahitaji asubuhi yake, saa kumi na mbili uwe langoni. Arabuko-Sokoke ni kama kilomita za mraba 420, kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani Afrika Mashariki. Kuna tembo ndani. Kuna isanje, mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza na sehemu ya nyuma ya rangi ya dhahabu, ambaye duniani kote makazi yake ni pwani hii yetu tu, na ukitulia unaweza kumwona hata ndani ya Gede akifukua majani. Kuna bundi wa Sokoke, mdogo wa kutosha kukaa kiganjani, aliyejulikana kwa wataalamu miaka ya 1960. Mkimwona msiseme ni wa Kenya peke yake, @Binti Mkinga atanidai: yuko pia Usambara Mashariki, upande wa Tanga.

Safari za Kahama

Na Nyari? Umeitaja kwenye kichwa cha uzi.

Mwana wa Mida

Nyari iko Marafa, kaskazini ya Malindi, unavuka Sabaki. Ni korongo la mchanga mgumu lililochongwa na mvua, kuta zake nyekundu, nyeupe, rangi ya machungwa na waridi, kina chake kama mita 30. Kila masika linakula ardhi zaidi.

Wagiriama wanasimulia kwamba hapo palikaa ukoo tajiri wa ng'ombe hadi wakawa wanaoga maziwa, na majirani wana njaa. Mulungu akakasirika, ardhi ikawameza. Weupe wa ukutani ni maziwa, wekundu ni damu. Msikilize mtembezaji wa kijiji akisimulia mwenyewe pale ukingoni, hadithi ni yake kuliko yangu. Kiingilio kinakusanywa na wanakijiji.

Usiende mchana, bondeni joto ni kali mno. Fika saa kumi, teremka, panda juu kabla jua halijazama uone rangi zikibadilika. Kutoka Watamu ni safari ya nusu siku, usiiunganishe na Gede siku moja, utaziharibu zote mbili.

Jicho Kavu

Nimesoma hadi hapa. Hilo la boriti na upana wa vyumba sikuwahi kulisikia. Nitarudi Gede, na nitachukua mtembezaji.

Mwana wa Mida

@Jicho Kavu karibu sana, ndugu yangu. Ukimaliza Gede pita kijijini Watamu jioni, ule samaki wa kupaka na wali wa nazi kwa akina mama, na asubuhi mahamri na mbaazi. Pesa hiyo inabaki Watamu.

Mwalimu wa Voi

Mleta uzi, mimi ni mwalimu wa historia. Nina wanafunzi wa gredi ya nane, takriban hamsini. Bajeti yetu ni ya siku mbili. Tufanyeje?

Mwana wa Mida

Mwalimu, waandikie mapema Makumbusho ya Taifa ya Kenya, shule zina kiingilio chake nafuu. Watoto hamsini ni wengi kwa Gede mara moja, wataishia kukimbia juu ya kuta, na kuta zile hazistahimili. Wagawe: nusu Gede na Kipepeo, nusu Mida, siku ya pili wabadilishane. Bahari muiweke jioni zote mbili, kwa hiyo chagueni siku za bamvua, maji yatakuwa yamejaa wakimaliza masomo, na wabaki ndani ya ghuba penye kina kifupi, mtu mzima mmoja kwa kila kikundi kidogo.

Wape kila kikundi kamba ya kupimia. Gede wapime upana wa vyumba vitatu vinne vya nyumba tofauti, waandike. Mida wamwombe mtembezaji awaonyeshe mkoko uliofikia umri wa kukatwa boriti, wakadirie urefu wake ulionyooka. Halafu warudi waketi pamoja walinganishe, wewe ukinyamaza.

Nitumie tarehe mnazofikiria hapahapa kwenye uzi, nikutazamie mwezi na saa za maji.